Mtoto wa Askari na Sheria ya Uhamisho katika Michezo ya Shule

Amri ya uhamisho ikifika kambini haiulizi kama mtoto wa koplo ndiye mlinda mlango wa shule yake. Askari huisoma, hupiga saluti, hufunga mizigo, na jamaa yake nzima humfuata. Leo yu Gitega, mwakani yu Bujumbura, na mwaka wa tatu huenda akawa Muyinga au Bururi. Mama wa nyumbani hutafuta soko jipya na majirani wapya. Watoto hutafuta shule mpya. Ndiyo maisha ya watu wa sare, wawe wa jeshi au wa polisi, na wenyewe wameyazoea hata hawayahesabu tena kuwa ni mashaka.

Hata hivyo liko shaka moja lisilozungumzwa sana, kwa kuwa huonekana dogo mbele ya yale ya chakula, nyumba na usalama. Tuchukue mfano wa mtoto wa koplo aliyehamia Bujumbura katikati ya masomo yake ya sekondari. Siku ya kwanza hana rafiki. Wiki ya pili anaonekana uwanjani wakati wa mapumziko, na mwalimu wa michezo anagundua kwamba kijana huyu mgeni anadaka mipira ambayo wenzake huiangalia tu ikiingia wavuni. Anapewa jezi. Anapata marafiki kumi kwa siku moja. Mechi ya kwanza wanashinda. Na jioni ile ile barua ya malalamiko inapelekwa kwa wasimamizi wa mashindano: mlinda mlango yule si mwanafunzi halali, ameletwa kutoka shule nyingine kwa ajili ya kombe. Ameitwa mamluki.

Askari wanalijua neno hilo kwa maana yake ya vitani: mtu apiganaye vita visivyo vyake kwa kuwa amelipwa. Wenzetu wa Tanzania walilichukua wakalipeleka michezoni, na katika misimu ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, au ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, utalisikia likitajwa: mchezaji asiye wa shule ile, au aliyezidi umri, au aliyekwisha maliza masomo lakini bado anavaa sare ya mwanafunzi. Ni neno zito kumtupia mtoto. Na mtoto wa koplo wetu hakulipwa na mtu yeyote. Baba yake ndiye aliyepewa amri.

Basi swali la makala haya ni hili. Sheria ya uhamisho iweje, ili imkamate mamluki wa kweli bila kumtia pingu mtoto aliyehama kwa sababu taifa limemhamisha mzazi wake?

SHERIA INA SABABU YAKE

Yafaa tukiri mapema kwamba sheria za namna hii hazikutungwa na watu wenye chuki na watoto. Mashindano ya shule yasipokuwa na mpaka hugeuka mnada. Shule yenye fedha, yenye bweni na basi lake, yaweza kuzunguka mikoani ikachagua mshambuliaji hapa na beki pale, na ufikapo mwezi wa mashindano ikawa na kikosi ambacho hakikuwahi kukaa darasa moja. Shule ndogo iliyomfundisha kijana yule kupiga pasi kwa mpira wa matambara hubaki na matambara yake. Vilevile wako watoto wa shule ile kubwa yenyewe, waliofanya mazoezi tangu walipoanza sekondari wakingoja zamu yao. Siku zamu inapofika wanaambiwa wakae benchi, mgeni ameletwa. Nao wana haki, ingawa mara nyingi hakuna anayewaandikia barua ya malalamiko.

Lakini hata hapo mambo si meupe na meusi. Nchini Uganda shule nyingi zenye majina makubwa michezoni huwapa wachezaji hodari nafuu ya ada, na wapo vijana ambao bila nafuu hiyo wasingeliona darasa la sekondari. Shule ya St. Mary's Kitende, iliyo kando ya njia ya Kampala kwenda Entebbe, imekuwa kwa miaka mingi tishio katika kandanda ya shule za Afrika Mashariki. Mwenyewe ni Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa shirikisho la mpira la nchi hiyo, FUFA, tangu 2005 hadi 2013, na ndiye pia mwenye klabu ya Vipers. Mtu aweza kulalamika kwamba mashindano yenye shule za aina hiyo hayawezi kuwa sawa kwa shule ya kijijini. Mtu mwingine aweza kuuliza: mtoto wa mkulima mwenye miguu ya dhahabu, akipewa kiti darasani kwa sababu ya miguu hiyo, ameibiwa na nani? Mimi siioni dhambi katika msaada wa ada uliotolewa hadharani. Dhambi huanza pale mtoto anapochukuliwa kwa ajili ya muhula mmoja wa mashindano, kisha kombe likishapatikana akaachwa bila ada na bila darasa.

Tena adhabu ya udanganyifu haimwangukii mdanganyifu peke yake. Mwaka 2005 timu ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika zilizochezwa Gambia kwa shauri la umri wa mchezaji mmoja, na nafasi yao ikachukuliwa na Zimbabwe. Miaka 12 baadaye upepo uligeuka: Congo-Brazzaville ikaondolewa kwa shauri la aina hiyo hiyo, na Tanzania ndiyo iliyokwenda Gabon kwa fainali za 2017. Katika mashauri yote mawili mchezaji alikuwa mmoja, lakini waliokosa safari ni kikosi kizima. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali njema kwa mwuza samaki wa ufukweni mwa Tanganyika. Kwa vijana ishirini ambao hawakuona cheti cha mwenzao, wala hawakuulizwa, ni methali kali mno.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Adhabu itumikayo zaidi duniani kwa mwanafunzi aliyehama shule ni kumkalisha nje kwa muda, na muda huo aghalabu hufika mwaka. Mtu mzima husikia neno "mwaka mmoja" akaona ni jambo dogo. Na tuhesabu. Tangu mageuzi ya elimu yaliyoanza mwaka 2013, mtoto wa Burundi husoma miaka 9 ya shule ya msingi iliyopanuliwa, kisha miaka 3 ya sekondari ya juu. Katika miaka hiyo 3 ndipo mwili wake umekomaa vya kutosha kushindana na wakubwa, ndipo walimu wa klabu huja kumtazama. Ukimkalisha nje mwaka mmoja umemnyang'anya theluthi moja ya yote aliyo nayo. Na ikiwa baba yake atahamishwa mara mbili katika muda huo, jambo ambalo kwa askari si la ajabu, kijana yule atamaliza masomo akiwa amecheza mwaka mmoja tu. Hakupigana, hakuiba, hakudanganya umri. Kosa lake ni kwamba baba yake ni mtii.

Wala si kandanda pekee. Msichana wa mpira wa wavu, mkimbiaji wa mita 800, mcheza mpira wa kikapu wa Ngagara au Bwiza, wote wamo katika hesabu hiyo hiyo.

Hesabu huzidi kuwa ngumu pale mpaka unapovukwa. Mwaka 2012 Bujumbura ilikuwa mwenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ile iendeshwayo na shirikisho la FEASSSA kwa zamu baina ya nchi wanachama. Burundi ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na michezo ile ilikuwa mojawapo ya siku ambazo mwananchi wa kawaida aliiona jumuiya hiyo kwa macho, ikiwa na jezi na viatu. Michezo hiyo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti. Sasa tazama. Mwaka wa shule wa Burundi huanza Septemba na kumalizika kati ya Juni na Julai. Wa Tanzania na Uganda huanza Januari au Februari na kumalizika mwishoni mwa mwaka. Kwa Mganda, Agosti ni katikati ya masomo. Kwa Mrundi, Agosti ni likizo kuu, na kijana aliyemaliza darasa la mwisho mwezi uliopita si mwanafunzi wa shule yoyote. Je, achezee shule aliyoiacha? Na mtoto aliyehama kutoka Kigoma kuja Bujumbura mwezi wa Machi, "mwaka" wake wa kukaa nje uhesabiwe kwa kalenda ipi? Mwandishi wa sheria asipoyaandika hayo, yataamuliwa na mwenye sauti kubwa siku ya mechi.

MAREKANI NA WATOTO WA WANAJESHI WAKE

Kwa kuwa swali letu linawahusu watu wa sare, ni vema tutazame nchi ambayo imelikabili swali hilo hasa kwa ajili yao. Marekani haina sheria moja ya michezo ya shule. Kila jimbo lina chama chake. Hata hivyo, vyama vingi vinakutana katika msingi mmoja: mtoto akibadili shule na wazazi wasibadili makao, anaweza kuzuiwa asicheze mechi rasmi, pengine mwaka mzima, lakini jamaa yote ikihama kweli kweli, mtoto hucheza. Swali linaloulizwa ni jepesi: je, na wazazi wamehama?

Ukali wa Wamarekani dhidi ya shule zinazowavuta watoto kwa ajili ya kombe haupaswi kudharauliwa. Mwaka 1997 mwalimu wa kandanda ya Kimarekani wa shule ya kulipia ya Brentwood Academy, jimboni Tennessee, aliwaandikia barua wavulana waliokwisha kubaliwa kuingia shuleni hapo lakini walikuwa hawajaanza masomo, akiwaita mazoezini. Chama cha michezo cha jimbo kikaiadhibu shule. Shule ikaenda mahakamani, na shauri lile la barua moja likapanda mara mbili hadi Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 2001 majaji, 5 dhidi ya 4, waliamua kwamba chama kile kinapotunga sheria hizo kinatenda kama chombo cha dola, kwa hiyo lazima kiheshimu haki zilizomo katika katiba. Mwaka 2007 majaji wote kwa kauli moja wakasema kwamba hata hivyo chama kilikuwa na haki ya kukataza barua za namna ile. Uamuzi wa kwanza ndio unaonivutia zaidi. Anayemzuia mtoto asicheze ana mamlaka juu yake, na mamlaka hayo yana mipaka.

Ama kuhusu watoto wa wanajeshi, majimbo yalianza kuingia mwaka 2008 katika mkataba maalumu juu ya elimu yao, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yamejiunga. Sababu iliyotolewa ni ya hesabu: mtoto wa mwanajeshi wa Marekani huhama shule mara 6 hadi 9 kabla ya kumaliza sekondari. Mkataba unaziagiza shule zimrahisishie mtoto huyo kuingia katika michezo na shughuli za nje ya darasa hata kama tarehe ya kujiandikisha imepita, maadamu anatimiza masharti mengine. Angalia maneno hayo ya mwisho. Hapewi namba ya kikosi cha kwanza. Hasamehewi mtihani alioshindwa. Mwalimu halazimishwi kumpendelea. Anafunguliwa mlango tu, kisha ajitetee kwa miguu yake. Mkataba unamkumbuka pia mtoto ambaye mzazi wake ametumwa mbali akaachwa kwa jamaa katika mji mwingine, na unamruhusu aendelee katika shule aliyokuwamo. Na mzazi akifa kazini, hifadhi hiyo haikatiki siku ya mazishi, bali huendelea kwa mwaka mmoja.

Msomaji wa Burundi atalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kuanzia Desemba 2007, askari wa Burundi walipokwenda Somalia na jeshi la Umoja wa Afrika, maelfu kwa maelfu walikaa huko kwa zamu, na watoto wao waliachwa kwa mama, kwa babu, kwa shangazi. Mtoto aliyetoka kambini kwenda kuishi kwa shangazi yake Buyenzi kwa kuwa baba yu vitani amebadili makao, lakini wazazi wake "hawakuhama". Sheria isomayo maandishi bila kumtazama mtu itamwita mamluki.

KANUNI YA KLABU KUBWA

Hata mpira wa fedha, ambao hausifiwi kwa huruma, umelifikia wazo hilo hilo. Kanuni za FIFA, tangu zilipopangwa upya mwaka 2001, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Si kanuni ya kupamba ukuta: mwaka 2014 klabu ya Barcelona ilipatikana na hatia ya kuivunja, ikafungiwa kusajili wachezaji kwa misimu miwili ya usajili. Lakini kanuni ina milango yake. Wa kwanza ni kwamba mtoto anaruhusiwa ikiwa wazazi wake wamehamia nchi ile kwa sababu zisizohusiana na mpira. Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Anayeuliza "umehama?" anaulizia miguu. FIFA inauliza "umehama kwa nini?", na tena inamwuliza mzazi.

Mlango mwingine ni wa mpakani: mtoto akaaye si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya upande wa pili iliyo ndani ya umbali huo huo, mradi aendelee kulala kwao na vyama vya nchi mbili vikubaliane. Kanuni hii ni ya klabu na wala si ya shule, lakini ukiisoma ukiwa Bujumbura utadhani iliandikwa Gatumba. Kutoka hapa hadi Uvira si mwendo wa kilomita 50. Kwa vizazi vingi watu wa pande hizi mbili wameoana, wameuziana samaki na mafuta ya mawese, na watoto wao wamechanganyika katika madarasa na viwanja pale hali ya usalama iliporuhusu.

MLEZI WA GHAFLA

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu hawatalipenda. Mlango ukifunguliwa kwa ajili ya watoto wa askari, wapo watakaoupitia bila kuwa watoto wa askari. Mtu mwenye cheo na mapenzi makubwa ya mpira anaweza ghafla kugundua kwamba mshambuliaji hodari wa mkoani ni "mpwa" wake, na kwamba mpwa huyo hana budi kuja kuishi kwake mjini wiki mbili kabla ya mashindano. Barua yenye muhuri wa ofisi huogopwa na mwalimu mkuu. Nani atathubutu kumwuliza afisa kama kweli dada yake ana mtoto wa umri huo? Hata koplo mwenyewe aweza kuhamishwa si kwa haja ya kazi bali kwa kuwa mtoto wake anatakiwa na shule fulani. Sisemi kwamba hayo hutendeka kila siku. Nasema kwamba sheria njema hutungwa ikijua kuwa yaweza kutendeka, kama vile bohari la silaha hufungwa kwa kufuli ingawa walinzi wake ni waaminifu.

Tena jeshi na polisi si watazamaji tu katika mambo haya. Muzinga ni klabu ya jeshi, Rukinzo ni ya polisi, na klabu zote huchota maji katika kisima kimoja, yaani vijana waliofunzwa viwanjani mwa shule. Mwenye kunywa kisimani ana wajibu wa kukilinda kisichafuliwe.

Kinga ipo, nayo ni tarehe. Amri ya uhamisho ina tarehe na namba. Kuandikishwa kwa mtoto shuleni kuna tarehe. Ratiba ya mashindano ina tarehe. Amri ikitangulia, mtoto akaandikishwa baada ya mzazi kuripoti kituoni kwake kupya, na jamaa yote ikawa imekuja, basi hakuna haja ya mjadala mrefu. Tarehe zikiwa zimepinduka, mtoto ametangulia na amri ikafuata, hapo wasimamizi wana haki ya kuuliza. Na mlezi asiye mzazi aonyeshe kwamba alikuwa akimlea mtoto huyo kabla miguu yake haijajulikana.

Wapo wengine wanaostahili mlango huo huo ijapokuwa hawana sare nyumbani. Tangu mwaka 2017 Warundi zaidi ya 100,000 wamerejea kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, kama Nyarugusu na Nduta. Mtoto aliyezaliwa au kukulia huko anarudi na karatasi za shule ya kambini, na huenda jina lake limeandikwa kwa namna mbili katika vyeti viwili. Mtoto kama huyo akikosa cheti kimoja, amekosa kwa sababu ya njia aliyopitia. Kumwambia athibitishe kila mwaka wa masomo yake kwa muhuri ni kumwambia arudi kambini akautafute.

KWIZERA NA NIYONGABO

Warundi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mwanamichezo aliyefungiwa nje na sheria pasipo kosa lake. Dieudonné Kwizera alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati mwenye uwezo wa kushindana katika Olimpiki ya Seoul ya 1988. Hakukimbia. Burundi ilikuwa haina kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, na mwanariadha wa nchi isiyo na kamati hakuwa na pa kujiandikisha. Mwaka 1992, Barcelona, hali ikawa ile ile. Kamati ilitambuliwa mwaka 1993, na Burundi ikaenda Olimpiki kwa mara ya kwanza Atlanta, mwaka 1996; lakini kufikia hapo Kwizera alikuwa amekwenda kama mwalimu. Wakati wake ulikuwa umepita huku makaratasi yakitafutwa.

Vénuste Niyongabo alikuwa wakati huo mmoja wa wakimbiaji bora wa mita 1500 duniani. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata medali ya shaba ya umbali huo katika mashindano ya dunia. Akaitoa nafasi yake ya mita 1500, akampa Kwizera, na yeye mwenyewe akaingia mita 5000, mbio ambazo alikuwa hajazikimbia ila mara mbili tu katika maisha yake. Tarehe 3 Agosti 1996 alishinda, mbele ya Mkenya Paul Bitok, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Burundi. Kwizera alikimbia mchujo wa mita 1500 na hakuvuka.

Watu husimulia habari hii kwa kumsifu Niyongabo, na anastahili. Mimi huwaza zaidi juu ya miaka 8 ya Kwizera. Haki yake ilirudishwa na mwenzake aliyejinyima, si na sheria. Hatuwezi kumtaka kila mwanafunzi wa sekondari awe Niyongabo. Hivyo yafaa sheria yenyewe ifanye kazi hiyo.

NANI ASIKILIZE, NA LINI

Wenye kujua nidhamu ya kijeshi wanajua kwamba hata askari aliyekutwa na kosa mkononi husikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Mwanafunzi hastahili pungufu ya hayo. Lakini tabia ya mashindano mengi ya vijana ni kungoja: malalamiko hupokelewa baada ya mechi, kamati hukutana baada ya wiki, na jibu hutoka kombe likiwa limekwisha inuliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Dawa yake ni kuyamaliza mambo ya vyeti kabla filimbi ya kwanza haijapigwa. Majina ya wanafunzi waliohama yabandikwe mahali shule zote zinapoweza kuyaona. Mwenye shaka aseme wakati huo, aseme kwa maandishi na kwa jina lake. Mtoto na mzazi waitwe wasikilizwe. Na uamuzi utolewe ukiwa na sababu zake. Aliyenyamaza wakati majina yamebandikwa asisimame na malalamiko baada ya kufungwa mabao matatu.

Udanganyifu ukithibitika, mkono wa kwanza wa adhabu umwendee mtu mzima: mwalimu aliyemleta mtoto, mkuu wa shule aliyetia sahihi, mlezi wa ghafla aliyetoa barua. Kijana wa miaka 16 hakujichapishia cheti. Na yule aliyebadili shule kwa hiari yake, bila uhamisho wa mzazi, bila ada kumshinda wala ugonjwa, kwa kuwa tu alitaka timu bora, sidhani kwamba yafaa aadhibiwe mwaka. Aruhusiwe mara moja, mwanzoni mwa miaka yake 3, na akirudia akae nje nusu ya msimu. Ndugu zangu wengi wa shule ndogo watasema mimi ni mpole mno, na huenda wana haki. Wao ndio wanaobaki na mpira wa matambara.

Kwa askari aliyepokea amri leo, kuna kazi ndogo inayoweza kumwokoa mtoto wake na maneno mengi kesho. Aombe nakala ya amri ya uhamisho na asiiache yote ofisini. Kabla ya kuondoka apite shuleni, achukue barua ya kumruhusu mtoto kuhama, karatasi za matokeo ya mihula iliyopita, na barua ya mwalimu wa michezo ikieleza mtoto alicheza nini na lini. Aviweke pamoja na cheti cha kuzaliwa katika bahasha moja isiyopakiwa chini ya masufuria. Afikapo kituo kipya, bahasha ipelekwe kwa mkuu wa shule siku ile ya kuandikishwa, na mwalimu wa michezo apewe nakala kabla hajampa mtoto jezi.